IGF-1 yangu iko chini. Nikubali sindano za homoni ya ukuaji?

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 38, naishi Morogoro na mume wangu na watoto wetu wawili. Nilipojifungua mtoto wa pili mwaka 2016 nilivuja damu nyingi mno, nikaongezewa chupa nne. Maziwa hayakutoka hata tone, na hedhi haikurudi tena. Nikaanza kusikia baridi hata Desemba, nywele za kwapani zikapukutika, nguvu zikaniisha. Miaka saba nikaambiwa ni upungufu wa damu, mara vidonda vya tumbo, mara mawazo.

Agosti 2023 nilipata nimonia, nikaanguka darasani na kukakamaa kama mwenye kifafa. Sukari ilikutwa 1.9. Hapo ndipo daktari mmoja akauliza nilijifunguaje. MRI ikaonyesha tezi ya pituitari, ile ndogo chini ya ubongo inayoamuru tezi nyingine, imesinyaa, nikaambiwa ni ugonjwa wa Sheehan, yaani tezi hiyo kuharibika kwa kuvuja damu nyingi wakati wa kujifungua.

Sasa natumia haidrokotisoni miligramu 10 asubuhi, 5 mchana na 5 jioni. Levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, mikrogramu 50. Na vidonge vya majira ili kurudisha homoni za kike. Vya asubuhi navinywa vyote kwa mpigo na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Nina kilo 64. Nywele zinanikatika, kwa hiyo natumia pia vidonge vya bayotini, vitamini ya nywele, mikrogramu 10,000 kwa siku. Nimepata nafuu kubwa, siwezi kukana. Lakini ikifika saa nane mchana nimekwisha. Tumbo limenenepa, mikono imekonda, hamu ya mambo ya ndoa sina. Nyumbani naitwa mvivu, kwa utani, lakini utani huo unauma.

Nilipolazwa 2023 walinipima homoni ya ukuaji ikawa 0.1, na IGF-1, homoni ambayo ini huitoa kwa amri ya homoni ya ukuaji, ikawa 58 (maabara iliandika kawaida ni 88 hadi 240). Februari mwaka huu nimepima IGF-1 Dar es Salaam, maabara nyingine, ikaja 9.2 (kawaida 11.5 hadi 31). Nililia. Kutoka 58 hadi 9! Daktari wa kwanza anasema nipimwe kwa insulini ili kuthibitisha. Wa pili anasema kipimo hicho hakina haja, tuanze sindano za homoni ya ukuaji nikitaka, "lakini amua mwenyewe". TSH yangu, homoni inayoiamuru tezi ya shingo, ni 1.1 na nimeambiwa dawa ya tezi ya shingo inatosha. T4 huru, homoni ya tezi ya shingo yenyewe, ilikuwa 10.4, kawaida 10 hadi 22.

Kaka yangu yuko Muscat, amesema atanunua sindano na kunitumia. Mume wangu anasema umekaa miaka yote hiyo bila homoni hiyo na hujafa, pesa hizo kaka atusaidie ada. Wifi anasema dawa hiyo hutolewa kwenye vichwa vya maiti. Na kuna kijana anafundisha gym anauza hiyohiyo kwa bei ya chini.

Nikubali? Na kile kipimo cha insulini nikikubali nitatoka salama?

Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa miaka saba ya kuambiwa una mawazo. Umeandika vizuri kuliko faili nyingi za hospitali: dozi, tarehe, hata viwango vya maabara. Kwa sababu hiyo naweza kukujibu kwa undani, ingawa uamuzi wenyewe nitauacha mikononi mwako na mwa daktari wako.

Nikikusoma naona maswali matatu yamefungwa katika fundo moja. Je, homoni yangu ya ukuaji inazidi kupungua? Je, nahitaji kipimo kikubwa? Je, nipokee pesa ya kaka? Swali la kwanza ndilo lililokuliza, nalo ndilo rahisi.

Hukushuka kutoka 58 hadi 9. Maabara ya kwanza iliandika kwa nanogramu katika mililita, ya pili kwa nanomoli katika lita. Kugeuza, zidisha nanomoli kwa 7.65. Basi 9.2 yako ni kama 70. Tazama hata viwango vyao: 11.5 ukiizidisha unapata 88 ileile. Usishangilie pia kwamba umepanda kutoka 58 hadi 70, maana mashine za maabara mbili hazisomi IGF-1 sawasawa, na tofauti ya namna hiyo yaweza kuwa ya mashine tu. Tunachoweza kusema ni kwamba mara zote mbili ilikuwa chini ya kiwango. Kuanzia sasa pima maabara moja, na kila jibu andika namba, kipimio chake na kiwango cha umri wako, kwa sababu IGF-1 hupungua kadiri mtu anavyozeeka na kiwango cha kijana wa miaka 20 hakikuhusu.

Ile 0.1 ya homoni ya ukuaji yenyewe iweke kando kabisa. Homoni hiyo hutoka kwa vishindo, zaidi usiku, na nusu yake hupotea katika damu kwa dakika 20 hivi. Mtu mzima wa afya akitolewa damu katikati ya vishindo viwili anaweza kukutwa karibu na sifuri. IGF-1 ndiyo hupimwa kwa sababu hutengenezwa zaidi na ini kwa amri ya homoni ya ukuaji, husafiri imeshikwa na protini, na hukaa katika damu saa nyingi. Ndiyo maana haijali umepimwa saa mbili asubuhi au saa kumi jioni.

Lakini inajali mengine, na hapa ndipo nataka tukae kidogo. IGF-1 ya chini inasema ini halitoi IGF-1 ya kutosha. Haisemi kwa nini. Njaa huishusha, hata ya siku chache. Ugonjwa mkali huishusha. Ini bovu, kisukari kisichodhibitiwa, tezi ya shingo iliyozembea, vyote huishusha. Sasa angalia siku zako mbili za kipimo. Mwaka 2023 ulikuwa kitandani na nimonia, huli, kotisoli (homoni ya kuhimili maradhi, ambayo sasa haidrokotisoni huijazia) haipo, dawa ya tezi hujaanza. Kwa hali hiyo hata mwenye pituitari nzima angeweza kukutwa chini. Namba hiyo ningeifuta.

Februari ulikuwa na nafuu, ila ulikuwa unameza vidonge vya majira. Estrojeni, homoni ya kike iliyomo kwenye vidonge hivyo, ikimezwa hupita kwanza kwenye ini kabla ya kufika kwingine, na ikipita huliambia ini lipunguze IGF-1. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi hailigusi ini kwa namna hiyo. Kwa hiyo sehemu ya upungufu wako, kubwa au ndogo, yaweza kuwa kazi ya kidonge. Sikuambii uache! Mifupa yako inahitaji estrojeni hiyo mpaka umri ambao wanawake wengi hukoma hedhi, kwenye miaka 50. Nakuambia daktari anayesoma IGF-1 yako lazima ajue unatumia nini, na kama hilo halikuandikwa kwenye karatasi ya kuombea kipimo, liandikwe.

Lipo la tatu ambalo hukulitaja kama tatizo, nami naliona kubwa kuliko yote. Umeambiwa TSH ni 1.1, basi dawa ya tezi inatosha. TSH hutoka pituitari. Kwa mtu ambaye tezi ya shingo ndiyo iliyougua, pituitari hupiga kelele na TSH hupanda, kwa hiyo namba hiyo inamfaa. Kwako pituitari ndiyo iliyosinyaa; haiwezi kupiga kelele. TSH yako ingeweza kuwa 1.1 ukiwa na dawa ya kutosha, na ingeweza kuwa 1.1 ukiwa huna. Mgonjwa wa pituitari huongozwa na T4 huru, na lengo la kawaida ni nusu ya juu ya kiwango. Yako iko mlangoni pa chini.

Halafu unaimeza na chai ya maziwa na vidonge vya damu. Madini ya chuma na kalsiamu huishika levothairoksini tumboni isipite. Imezwe kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, na vidonge vya damu vingoje muda wa saa nne baada yake. Estrojeni ya kumeza nayo huongeza mahitaji ya dawa hii. Na dozi yenyewe: mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa hukadiriwa mikrogramu 1.6 kwa kilo, kwako kama 100. Wewe unameza 50 na sehemu yake inaishia kwenye kikombe. Kuongeza ni kazi ya daktari, taratibu, na kwako ni salama kwa sababu haidrokotisoni ilishatangulia. Angeanza mtu dawa ya tezi bila kotisoli, angeweza kuanguka kama ulivyoanguka darasani.

Bayotini nayo ina fitina yake. Vipimo vingi vya homoni hutumia bayotini ndani ya mashine, na ikiwa damu yako imejaa bayotini ya dukani, jibu hupotoka: baadhi ya homoni husomeka chini, nyingine, ikiwamo T4 huru, zaweza kusomeka juu. Maana yake 10.4 yako huenda kwa kweli iko chini zaidi. Kwa dozi unayotumia, acha wiki nzima kabla ya kutoa damu.

Basi unaposema uchovu wa saa nane mchana ni homoni ya ukuaji, nakuuliza kwa upole: una hakika? Tezi ya shingo isiyotoshelezwa huleta uchovu, unene wa tumbo, nywele kukatika. Dozi ya mchana ya haidrokotisoni ikichelewa huleta uchovu saa hiyohiyo unayoitaja, kwa hiyo andika kwa wiki mbili unaimeza saa ngapi na unachoka saa ngapi. Wingi wa damu upimwe pia. Sisemi homoni ya ukuaji haihusiki. Huenda inahusika sana. Ila ukianza sindano leo na kurekebisha vidonge kesho, ukipata nafuu hutajua ni kipi kilichokuponya, na kile cha bei kubwa ndicho kitakachopewa sifa.

Je, unao upungufu wa homoni ya ukuaji? Kwa maoni yangu, inaelekea sana. Pituitari yako imepoteza kotisoli, tezi ya shingo na homoni za uzazi, na maziwa hayakutoka, maana yake prolaktini, homoni ya maziwa, nayo iliguswa. Zinapokosekana homoni tatu au zaidi na IGF-1 ikiwa chini, wataalamu wengi huona ushahidi unatosha bila kipimo cha kusisimua tezi. Daktari wako wa pili hakubahatisha. Wa kwanza naye ana hoja, kwa sababu kanuni hiyo inataka IGF-1 iwe chini kwa sababu ya pituitari, na yako imechafuliwa na kidonge na tezi. (Kumbuka pia upande wa pili: IGF-1 ikirudi ndani ya kiwango, haimaanishi huna upungufu. Watu wazima wengi wenye upungufu wa kweli hukutwa na IGF-1 ya kawaida.)

Kuhusu insulini, unalala bila kula, unawekewa mpira mkononi, unachomwa insulini, kwa kawaida kati ya yuniti 0.05 na 0.15 kwa kilo, ili sukari ishuke chini ya 2.2 makusudi. Damu huchukuliwa kwa saa mbili kuona kama pituitari itajibu kwa kutoa homoni ya ukuaji. Wanaotumia kikomo cha mikrogramu 3 kwa lita husema kilele kisipofika hapo, upungufu ni mkubwa. Daktari hukaa kando ya kitanda muda wote, glukosi ya mshipani ikiwa imeandaliwa na haidrokotisoni miligramu 100 iko karibu. Hakifanywi kwa mwenye kifafa au moyo usiopata damu vizuri. Wewe ulikakamaa sukari ikiwa 1.9. Yawezekana ilikuwa sukari tu wala si kifafa, lakini anayetaka kukupima lazima asikie habari hiyo kutoka mdomoni mwako kabla hajakuandikia tarehe. Hicho ndicho kipimo ambacho wewe, kati ya watu wote, una sababu ya kukiuliza maswali.

Kipo pia kipimo cha glukagoni, homoni inayopandisha sukari: miligramu 1 kwenye msuli, au 1.5 kwa aliyezidi kilo 90, na damu kila nusu saa kwa saa tatu hadi nne. Kinachosha na huleta kichefuchefu, wengine hutapika, na sukari yaweza kushuka baadaye, hivyo unakula kabla ya kuondoka. Si kitamu, ila hakikupeleki kwa makusudi pale ulipowahi kuanguka. Kwa vyovyote, uliza mapema dozi ya haidrokotisoni ya asubuhi ya kipimo uimezeje, usiiruke kwa kukisia.

Tuje kwenye sindano zenyewe. Wifi hakutunga. Homoni ya ukuaji kweli ilikuwa ikitolewa kwenye pituitari za maiti, na baadhi ya waliochomwa walipata ugonjwa wa ubongo usiotibika. Ilisimamishwa mwaka 1985 katika nchi nyingi, na tangu hapo inayotumika hutengenezwa maabara kwa vijidudu vilivyopandikizwa chembe za urithi. Mwambie alikuwa sahihi kwa mambo ya miaka arobaini iliyopita.

Kwa umri wako huanzwa miligramu 0.2 hadi 0.3 kila usiku chini ya ngozi, na wanaomeza estrojeni mara nyingi huishia kuhitaji zaidi. Baada ya mwezi mmoja au miwili IGF-1 hupimwa, dozi ikapandishwa kwa 0.1 au 0.2, tena ikapimwa, mpaka IGF-1 ikae ndani ya kiwango cha umri wako bila kukivuka. Ikitulia, kila miezi 6 hadi 12, pamoja na sukari na mafuta ya damu. Miguu ikivimba, viungo vikiuma, vidole vikifa ganzi usiku, dozi ni kubwa, hata kama IGF-1 bado haijapita. Na ukibadilisha kidonge kwenda cha kubandika, IGF-1 yaweza kuruka juu kwa dozi ileile, kwa hiyo lazima upimwe upya.

Jambo ambalo husahauliwa: homoni ya ukuaji hupunguza uwezo wa mwili kurejesha kotisoli iliyokwisha kuzimwa, na T4 huru yaweza kushuka. Mtu aliyekuwa anatosheka na miligramu 20 za haidrokotisoni anaweza kuanza kulegea wiki chache baada ya kuanza sindano, akadhani sindano ndiyo mbaya. Ukianza, T4 huru ipimwe tena, na ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu usingoje kliniki ya mwezi ujao. Kanuni yako ya homa iko palepale, uanze au usianze: homa, ongeza haidrokotisoni mara mbili au tatu, ukitapika isikae, sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na hospitali siku hiyohiyo.

Kijana wa gym simpitishi. Watu wa gym huhesabu kwa yuniti, madaktari kwa miligramu, na miligramu moja ni yuniti tatu. Mkichanganya hapo umejichoma mara tatu ya dozi. Pia hujui chupa ilikaa kwenye joto gani. Dawa hii hukaa nyuzi 2 hadi 8, haigandi, na hilo ni swali kwa kaka vilevile: kutoka Muscat hadi Morogoro nani ataishika kwenye baridi, na umeme ukikatika nyumbani itakuwaje?

Mumeo, nadhani, ana ukweli nusu. Hujafa, na hakuna ushahidi thabiti kwamba sindano hizi zitakuongezea miaka. Wanachopata wanaofaidika ni nguvu, nyama badala ya mafuta, mifupa migumu kidogo, uchangamfu. Na wengine hawapati kitu wanachoweza kukitaja. Uingereza, tangu mwaka 2003, huduma ya umma haimpi kila mwenye upungufu. Humpa aliyekwisha kurekebishiwa homoni nyingine zote, ambaye maisha yake yanapimwa kwa dodoso kuwa yameathirika sana, na baada ya miezi tisa wanapima tena. Nafuu isipotosha wanaacha. Napenda utaratibu huo, hasa ile miezi tisa: mitatu ya kutafuta dozi na sita ya kuona. Kaka akitaka kusaidia, ahesabu miezi tisa pamoja na vipimo, si boksi moja. Na tofauti na haidrokotisoni, hii ukiiacha hauanguki. Ukijaribu ukaona haina faida, unaiacha, ndoa yenu haijafungwa nayo.

Nionavyo mimi zipo njia tatu mbele yako. Kuanza sasa, ukikubali kwamba hutajua kilichokusaidia. Kurekebisha tezi ya shingo kwa miezi miwili mitatu, kuacha bayotini, kisha kupima IGF-1 na T4 huru asubuhi moja kabla ya kumeza vidonge, ndipo uamue kuhusu glukagoni au sindano. Au kurekebisha hayo na kuishia hapo, ukiona saa nane mchana imekuwa saa nane ya kawaida. Ya pili inakugharimu muda na vipimo viwili. Ya tatu huenda ikakunyima kitu ambacho kingekufaa. Hakuna kati ya hizo ambayo ni uvivu.

Kuhusu hamu ya ndoa, hukuuliza ila uliandika. Tezi za juu ya figo na ovari zikikosa amri ya pituitari, homoni zinazochochea hamu nazo hupungua. Si kwamba humpendi. Mumeo angesikia hilo kutoka kwa daktari pengine angelisikia tofauti. Siku ya kuchukua majibu, nenda naye, mkae wote wawili upande mmoja wa meza, na ile karatasi ya dozi zako uiweke mbele yenu.